Kuku Asiye na Mkia

Kabla sijaharibu mambo, sheria ya mferejini kwetu, pale kwenye bomba la maji, ilikuwa hivi: debe lako likisimama kwenye laini, ni wewe umesimama. Unaweza kurudi nyumbani ukaamsha watoto, ukakoroga uji, ukagombana na jirani na kupatana naye, na hakuna atakayeligusa debe lako isipokuwa kulisukuma mbele laini ikisonga. Mfereji wetu ulifunguliwa kwa ufunguo na askari wa manispaa, asubuhi na jioni, kwa saa alizozijua yeye na Mungu. Kwa hiyo ukungu ukiwa bado umelalia mlima wa Menengai, madebe yalikuwa yamekwisha kujipanga yenyewe pale kwenye matope, mengi kuliko wanawake.

Nimewaona wakubwa wa lokesheni, mtaa wetu wa Waafrika, wakidanganyana katika kila jambo, kuanzia uzito wa makaa hadi umri wa jogoo. Lakini sijamwona mtu akiruka debe la mwenzake. Mara moja mke mmoja wa askari, mgeni, aliweka lake mbele kabisa. Hakuna aliyemtukana. Wanawake wawili waliliinua taratibu, kama unavyohamisha mtoto aliyelala, wakalipeleka nyuma. Kesho yake alilipeleka nyuma mwenyewe.

Shida ilikuwa moja tu. Madebe yote yalikuwa ya mafuta ya taa, na yalifanana. Mwingine alifunga kitambaa cheupe, mwingine alijua lake kwa kovu la kubonyea. Ndipo nilipoingia mimi. Mafundi walikuwa wakipaka rangi madirisha ya stesheni, na nikapata mkebe wa rangi ya kijani. Tuseme hivyo, niliupata. Nikaanza na debe la Mama. Nilimchorea kuku, kwa sababu aliamka kabla ya majogoo na kuamsha safu nzima kwa kupiga makofi. Rangi ikaisha kabla sijafika kwenye mkia.

"Kuku gani huyu?" Mama akauliza.

"Ametoroka kwenye sufuria, Mama. Mkia umebaki mkononi mwa mpishi."

Alicheka mpaka akakaa chini, debe mapajani. Baba alikuwa amekufa akiwa kazini reli, nikiwa darasa la tatu, na kwa muda mrefu Mama alicheka kwa heshima tu, kama mtu anayelipa kodi. Kicheko cha siku ile kilikuwa chake mwenyewe. Kesho yake nikatafuta rangi nyingine.

Baada ya hapo kila mwanamke alitaka alama yake. Nyanya mmoja wa mtaa wa Bondeni, mjane wa Kiislamu aliyekuwa akiuza mahamri, nilimchorea buli. Mwingine aliyependa kutazama pembeni nilimpa kinyonga. Na mama mmoja mnene, mkubwa wa sauti na wa kila kitu, tuliyeishi naye chumba kimoja tukigawanywa na shuka lililotundikwa kwenye kamba, nilimchorea kiboko. Upande wake wa shuka mimi niliuita Ng'ambo, na yeye nikamwita Mama wa Ng'ambo. Alipoona debe lake aliniwekea mkono kichwani.

"Asante mwanangu. Ng'ombe mzuri sana."

Askari wa maji ilibidi ageuke nyuma ya mfereji ili acheke. Kila asubuhi, akifika kwenye debe lile, alisema, "Ng'ombe wa nani huyu anywe maji?" na mimi nikauma kola ya shati langu la shule. Miezi miwili tu, na karibu laini nzima ilikuwa kazi ya mkono wangu. Mwalimu wangu, yule niliyekuwa nikiiga kikohozi chake mpaka darasa zima likaangua kicheko, aliniona na kijani kwenye kucha akanichapa fimbo sita. Akasema mikono hiyo itanifikisha mahali. Hakusema wapi.

Sasa habari ya vyumba. Manispaa ilikuwa imejenga nyumba mpya za mawe mwisho wa lokesheni, chumba kimoja kimoja, milango ya bluu. Waliongoja chumba waliandikwa kwenye orodha, na orodha ilikaa kwenye droo ya karani wa ofisi. Tuliisikia tu, kama tunavyosikia habari za mbinguni. Karani alikuwa kijana nadhifu, nywele zimepasuliwa njia ukadhani amepimiwa na mtu wa reli. Mwanamke akienda kuuliza, alijibiwa bila kalamu kusimama: "Jina lako liko, mama. Ngoja tu." Wakangoja. Huku milango ya bluu ikifunguliwa na watu walioshuka kwenye treni juzi, bado mizigo yao ina lebo. Na kuku wa nyumbani kwa karani waliongezeka bila kuangua.

Mama alikuwa amengoja tangu mwaka aliokufa Baba. Mama wa Ng'ambo alijiandikisha baada yake. Walizoea kungoja, hata wakawa wanataniana nani atamwalika mwenzake kwanza kwenye chai. Kisha ofisi ikabandika tangazo ukutani: mjane asiye na chumba kwa jina lake mwenyewe hatapewa tena kibali cha kukaa mjini shule zikifungwa mwisho wa mwaka. Atarudi rizavu, kwenye ardhi ya kabila lake.

Tazama jambo hilo. Tangazo la kutufukuza lilibandikwa nje, kwa herufi kubwa, mpaka ng'ombe angelisoma. Orodha ya kutuweka ikabaki imelala drooni.

Rizavu kwa upande wa Baba hapakuwa na shule ya kati karibu, wala ami wa kunilipia ya mbali. Nilikuwa darasa la saba. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa mwaka mmoja mbele yangu, na Mama aliutamka ule mtihani kama watu wanavyotaja jina la mkwe. Chumba ndicho kingeamua. Usiku ule hakupiga kelele wala hakulia. Alikunja nguo yangu ya shule, akaikunjua, akaikunja tena.

Jumamosi mchana wanawake wa mfereji wakakutana uani kwa Nyanya, Bondeni. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na watu wengi kukutana kulihitaji ruhusa, lakini hakuna sheria iliyokataza kukanda unga. Basi walikanda. Wanawake kumi na mmoja walikanda unga wa mahamri ambao siku ya kawaida Nyanya aliukanda peke yake huku akisinzia. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa na kalamu.

"Andika kwamba karani ni mwizi," alisema Mama wa Ng'ambo, akipiga donge lake utadhani ndilo karani. "Andika amekula kuku wangu wawili, na mmoja alikuwa anataga."

"Ulimpa mwenyewe," Nyanya akasema.

"Nilimpa kwa kulazimishwa na njaa yake!"

Wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, unga mpaka viwikoni.

"Tusiandike mwizi," alisema. "Tukiandika mwizi watatuuliza ushahidi, na kuku ameshaliwa. Mimi sitaki kumshtaki mtu. Nataka kuona. Pale mferejini kwa nini hatupigani? Kwa sababu debe liko nje. Ninaona lako, unaona langu. Hata mimi nikiwa wa mwisho, sina neno, kwa sababu ninahesabu kwa macho yangu. Waitoe ile orodha nje, kama madebe. Ni hilo tu."

Nyanya akanigeukia: "We mwenye kalamu, umesikia? Usiongeze chumvi yako."

Sikuongeza. Naikumbuka barua yote, kwa sababu ilikuwa fupi: "Kwa Bwana wa Lokesheni. Sisi wanawake wa mfereji wa chini tunaomba orodha ya vyumba ibandikwe nje ya ofisi, kila mtu aione, kama madebe yetu yanavyoonekana. Hatusemi mtu ameiba. Tunaomba kuona tu."

Ikaja shida ya majina. Kila mmoja alijua mtu aliyechukuliwa na lori la askari kwa sababu jina lake lilikutwa kwenye karatasi fulani. Mwenye kinyonga aliosha mikono, akaanza kufunga kitambaa chake aondoke.

"Barua isiyo na mtu watafungia karanga sokoni," Mama alisema.

"Na wa kwanza kwenye karatasi ndiye wa kwanza kwenye lori," Nyanya akajibu.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Ningalikuwa na akili ningaliujaza mahamri. Nikasema: msiandike majina, nitachora alama za madebe. Na nisizichore kwa mstari, nizichore kwa mviringo, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Wakatazamana. Nyanya alipiga kofi moja, unga ukaruka.

"Huyu mtoto! Kumbe kichwani hamna upepo mtupu!"

Nikachora. Nilikaa pale na kalamu ya shule na wino wa serikali nikachora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora chochote maishani. Buli lilikuwa na mdomo uliopinda upande uleule. Kinyonga alikuwa na jicho lake. Kiboko alikuwa na meno. Na kuku wa Mama nilimnyima mkia, kwa sababu ndivyo alivyo. Kila mwanamke akatia kidole gumba chenye masizi kando ya alama yake. Ile karatasi ilipendeza. Niliishika mbali na uso nikaitazama, nikajisikia mtu mkubwa.

Watu kumi na wawili uani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba madebe yako nje. Mama alikuwa ametoka kusema hivyo kwa kinywa chake, na mimi nimeandika kwa mkono wangu. Sisi tuliokuwa tukiyatazama kila siku ndio tuliosahau kwamba na wengine wana macho.

Jumatatu Nyanya alipeleka mahamri ofisini kama kawaida yake, na barua ikiwa chini ya kitambaa, upande wa kikapu wenye mahamri ya Bwana, mzungu msimamizi wa lokesheni. Nadhani ndiyo barua ya kwanza kufika serikalini ikinuka iliki. Siku tatu zikapita bila neno. Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa nimesimama mwisho wa laini na vitabu vyangu, nikimngoja Mama ajaze ili nimtwishe, ndipo nikaona watu watatu wakishuka njia ya ofisi. Bwana wa Lokesheni mbele, soksi zimevutwa mpaka magotini. Karani nyuma yake. Askari wa maji wa mwisho, ufunguo mkononi, akitazama viatu vyake.

Karani alikuwa ameshika karatasi yetu. Ilikuwa na doa la mafuta, niliijua kutoka mbali.

Hawakuuliza mtu. Hawakuhitaji. Bwana alianza debe la kwanza, akainama, akaweka karatasi kando ya buli, akatazama huku, akatazama huku. Akaenda la pili. Ukasikia mfereji ukidondoka. Alipofika kwenye kiboko alisimama. Akatazama debe, akatazama karatasi, akamtazama Mama wa Ng'ambo aliyekuwa amesimama nyuma yake. Na akacheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika. Sitaki kudanganya, maana barua yetu yenyewe ilikuwa ya kukataa mambo ya kufichwa: kwa muda mfupi, mfupi sana, nilifurahi. Nilifikiri, hata mzungu amecheka.

Kisha akaacha.

"Hii nani nachora?"

Wanawake wakatazama madebe yao.

Karani akasogea. "Bwana, tazama huu mviringo. Mtu akificha jina lake akakaa kwenye duara na wenzake, hiyo si barua. Hicho ni kiapo."

Neno lile lilishuka pale mferejini. Mwaka ule mtu aliweza kutajwa kuwa mchawi akaenda zake akala chakula cha mchana. Lakini kiapo, kile cha watu wa msituni! Nilimwona mwenye kinyonga akirudi nyuma hatua moja mbali na debe lake, kisha nyingine. Na mviringo ulikuwa wangu. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeufikiria.

"Nauliza, nani nachora?"

Nilifungua mdomo. Vitabu vilikuwa kifuani, na kucha zangu, Mungu wangu, kucha zangu zilikuwa bado na kijani kwenye pembe. Mama hakugeuka kunitazama. Alitembea tu, akapita mbele yangu, kanga yake ikanifunika mikono.

"Ni mimi, Bwana."

Karani akacheka puani. "Huyu? Huyu hajui hata kushika kalamu."

"Kuchora kuku kunataka shule?" Mama akamwuliza. "Wewe umesoma, chora basi tuone."

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bwana alitoa penseli mfukoni, akaigeuza karatasi upande mtupu, akaiweka juu ya debe la Mama lililofudikizwa.

"Chora."

Mama hajasoma hata siku moja. Nilipomfundisha herufi alisema zinafanana kama madebe. Aliishika penseli kama mtu anayeshika mwiko, ngumi nzima. Akapiga magoti kwenye matope. Ikamchukua muda. Nilikuwa nikiona mgongo wake tu, na kisigino kimoja kilichopasuka, na penseli ikitembea polepole ikasimama ikatembea. Nilisali. Sijui nilisali nini: achore vibaya aachwe, au achore vizuri mimi niachwe. Nadhani nilisali la pili. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Alipoinuka, Bwana akatazama. Kuku alikuwa amepinda, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Lakini mgongo wake ulikuwa ule ule, kichwa kile kile, na nyuma palikuwa pamekatika ghafla, hapana mkia. Alikuwa amemtazama kuku yule kila asubuhi kwa miezi yote ile.

"Na maneno?"

"Maneno ni yangu. Nimemwomba mpita njia aandike, naye amepita."

Bwana alikunja karatasi. Nafikiri hakuamini habari ya kiapo. Alikuwa na uso wa mtu mwenye kazi nyingi. Lakini karani alikuwa amelitamka mbele ya watu, na neno lile likishatamkwa lazima mtu mmoja aondoke nalo. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba kibali cha mama huyu kimekwisha leo, na Jumamosi apande treni. Wengine wameonywa. Kisha akamwambia askari afungue maji.

Askari wa maji alifungua. Alipofika kwenye kiboko hakusema habari ya ng'ombe.

Siku zilizobaki nilimfuata Mama kila aendako. Mara tatu nilimwambia ninakwenda ofisini kusema ukweli. Mara mbili aliendelea kufunga mizigo. Ya tatu alikuwa akifunga sufuria kwa kamba.

"Utasema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Halafu? Mimi watanirudishia kibali?"

Nikamshikia kamba.

"Hawatanirudishia. Watakuandika na wewe, na shule itakufukuza. Ukienda kule, mwanangu, nitakuwa nimechora kuku bure."

Mama wa Ng'ambo alisikia kutoka upande wake. Shuka likafunuliwa, akatoka, akasema mbele yetu sote kwamba mtoto atabaki kwake, ataitwa mwana wa dada yake, na atakayeuliza atajibiwa kwa mwiko. Mama hakumshukuru kwa mdomo. Walishikana mikono wakakaa hivyo, mmoja kitandani mmoja sakafuni, na mimi nikatoka nje nikatupia mawe ukuta.

Stesheni, Jumamosi, upepo ulikuwa umeleta vumbi jeupe la ziwani, watu wote wamekuwa na kope za wazee. Mama alikaa dirishani, daraja la tatu, sufuria mapajani. Debe aliniachia. Madirisha ya stesheni yalikuwa ya kijani, yanang'aa.

"Niambie moja ya zako," alisema.

Kila siku ya maisha yangu nina ya kusema. Mwalimu akinichapa ninayo, kanisani ninayo, mazishini kwa Baba nilikuwa nayo nikaimeza. Nilisimama pale chini ya dirisha nikaitafuta. Treni ikapiga filimbi. Nikaitafuta bado. Ikaondoka, na Mama akawa anapunga mkono na kutikisa kichwa, kama kusema si neno, si neno, na mimi nikakimbia na behewa mpaka mwisho wa jukwaa mdomo wazi, hamna kitu.

Majuma mawili baadaye orodha ilibandikwa nje ya ofisi.

Hakuna aliyesema ni kwa sababu yetu. Palikuwa tu na ubao mpya, na waya wa kuku juu yake ili karatasi isiibwe, na majina yamepigwa taipu yakipangwa kwa tarehe ya kujiandikisha. Wanawake wa mfereji walinijia shuleni, wakaningoja langoni mpaka kengele. Wengi hawakujua kusoma. Nikaenda nao, nikasimama mbele ya ubao, nikasoma kwa sauti, jina kwa jina, na vyumba vilivyokuwa tayari vilikuwa tisa.

La sita lilikuwa la Mama. Lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, kwa rula.

Nililisoma. Nilidhani sauti itakatika lakini haikukatika, ililisoma kama jina lolote. Nyuma yangu Nyanya alisema, "La ilaha illallah," polepole. Nikaendelea. La saba, la nane, la tisa. La kumi lilikuwa la Mama wa Ng'ambo. Nikahesabu tena kwa kidole juu ya waya, nikiliruka la Mama. Akawa wa tisa.

Alipewa chumba juma lililofuata. Tulihama kwa mkokoteni, watoto wake, mimi, shuka lile na kamba yake. Mlango wa bluu. Dirisha moja linatazama upande wa ziwa. Siku ile baada ya kupanga vitu alinituma dukani, na niliporudi nilimkuta amekaa katikati ya chumba kitupu, mikono mapajani, mtu mkubwa vile akilia bila sauti.

"Nimeingia mahali pa mama yako," alisema. "Nimeruka debe."

"Hukuruka, Mama. Waliliondoa wao."

"Ni mamoja."

Sikujua la kumwambia, na mimi nisipojua la kusema husema upuuzi. Nikasema: "Mama, yule kwenye debe lako si ng'ombe."

Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Najua ni kiboko. Nimekua kando ya maji, nimewaona. Tangu siku ya kwanza najua."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa anacheka sana kila akimwona."

Sasa niko darasa la nane. Wanawake wengine walisugua alama zao kwa mchanga siku ileile ya karatasi, wakarudi kwenye vitambaa. La Mama sijalisugua, na watu wakawa wanaogopa kuligusa. Ninalipanga kila asubuhi, na likifika mbele askari wa maji hulijaza, nami hulibeba hadi kwa Mama wa Ng'ambo. Siku moja niliamka nimechelewa, nikakimbia nikijua nitalikuta nyuma kabisa mahali nilipoliacha jana jioni. Nililikuta la pili. Mikono ya watu ilikuwa imelisukuma.

Barua ya Mama huandikwa na mwalimu wa Jumapili kule rizavu, kwa hiyo imejaa salamu za Bwana Yesu ambazo si zake. Ya mwezi uliopita ilikuwa na swali moja ambalo ni lake. Aliuliza kama ile orodha bado iko nje.

Nilikwenda kuangalia kabla ya kumjibu. Nikamwandikia kwamba iko. Mvua imeikunja pembe na wino wa majina ya juu umeanza kupauka, lakini iko, na Ijumaa kuna wanawake wawili watatu huja kuihesabu, na karani hutoka mlangoni akawatazama akarudi ndani. Nikamwandikia kwamba hesabu ninapata, Kiingereza napata kiasi. Chini kabisa nikamchorea kuku. Nilitaka safari hii nimpe mkia. Nikajaribu mara mbili kwenye karatasi nyingine, na kila mara akawa kuku wa mtu mwingine, nikamwacha alivyo.